Vyumba Sita vya Bibi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba mbili Morogoro mjini. Ya kwanza ndiyo waliyokaa, yeye na babu na watoto. Ya pili ilikuwa Mwembesongo, nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa: korido katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, uani jiko, choo na mwarobaini. Hiyo ya pili ilijengwa kwa vitumbua. Bibi aliamka saa tisa usiku miaka nenda miaka rudi, akachoma vitumbua, akavipeleka stesheni kuwauzia abiria wa treni ya bara, na kila akiba ilipotosha akanunua mfuko wa saruji au bati mbili tatu. Ilipoezekwa mwaka 1963, vyumba vyote sita aliwapangisha mafundi na vibarua wa reli.

Mwaka 1968 nyumba iliuzwa. Babu alikuwa diwani na kiongozi wa tawi la TANU, chama tawala cha wakati huo, na kwa Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la chama hicho la mwaka 1967, kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Babu alichagua kubaki na udiwani. Nyumba ikaenda kwa mfanyabiashara mmoja wa pale mjini, kwa bei ya muuzaji mwenye haraka.

Kisa hiki nimekisikia nyumbani tangu utotoni, na kila nikikua kinanifundisha zaidi kuhusu wakubwa wetu, hasa namna wanavyoamua mambo yanayowagusa wao wenyewe. Maamuzi yao juu yetu tunayajadili kila siku: kodi, tozo, bei ya mafuta, mtaala wa shule. Maamuzi yao juu ya nafsi zao, nini wamiliki, nini wasimiliki, nani awaulize, hayo hupita kama maji chini ya mkeka. Tunashtukia tumelowa.

Ili kuelewa babu aliamua nini, lazima turudi nyuma kidogo, Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mishahara yao ya mwanzo. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400. Watu wengi hukumbuka kufukuzwa huko tu. Mimi naona uzito uko katika kilichofuata. Wanafunzi walikuwa wamesema kwamba wakubwa wenyewe wanalipwa mno, na Mwalimu akawakubalia. Alikiri kwamba yeye na wao ni wa tabaka moja, tabaka linalonyonya wengine, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mawaziri na maofisa wa juu wakakatwa nao.

Mitaani watu walikuwa tayari na majina ya tabaka hilo. Waliitwa Wabenzi, kwa ajili ya magari. Waliitwa naizesheni, kwa sababu walikalia viti vya wazungu baada ya Uhuru na wakakalia pia tabia zao. Miaka mitano tu tangu bendera ipandishwe, na lugha ilikwisha kuwatenga.

Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikaa Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Dunia ilishtuka zaidi kwa mabenki na viwanda kutaifishwa siku zilizofuata. Waliokuwa ndani ya chama walishtuka kwa ukurasa mwingine, ule wa uongozi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na Azimio likafafanua kiongozi ni nani: mawaziri, wabunge, wakuu wa mashirika, madiwani, watumishi wa ngazi ya juu na ya kati. Likaongeza kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoingia Mwembesongo. Bibi hakuwa kiongozi wa chochote. Hakupigiwa kura, hakulipwa posho, hakukaa kwenye kikao. Azimio likamhesabu kiongozi kwa sababu ya ndoa, na vyumba sita vya vitumbua vikahesabiwa unyonyaji. Naielewa sababu ya sentensi hiyo. Bila hiyo, kila waziri angeandika nyumba zake kwa jina la mkewe kabla jua halijazama. Lakini naelewa pia kwamba wanaume walioiandika walifikiria wake wanaofichiwa mali, na hawakumfikiria mke aliyeitafuta mwenyewe.

Aliyejua tofauti hiyo na kuisema alikuwa Bibi Titi Mohamed. Ndiye aliyewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU miaka ya 1950, na alikuwa na nyumba za kupangisha. Alilipinga sharti hilo waziwazi na mwaka uleule akaachia nafasi yake katika Kamati Kuu. Oscar Kambona, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa watatu wanne wa juu kabisa nchini, aliondoka nchini Julai 1967. Wengi waliobaki walinyamaza. Pale kwetu mjini ilijulikana nani kaandikisha nyumba kwa jina la mjomba na nani kwa jina la mtoto anayenyonya. Babu hakufanya hivyo. Alisema mtu hawezi kusimama jukwaani kusoma miiko, yaani masharti hayo ya uongozi, huku wapangaji wake wamekaa mstari wa mbele wanamsikiliza.

Nampenda babu kwa maneno hayo. Na nasema pia alikosea, kwa sababu nyumba haikuwa yake. Aliuza bila kumuuliza mwenyewe. Bibi aliona mnunuzi amekuja kupima ukuta kwa hatua ndipo akajua.

Ng'ambo ya mpaka, majirani walikuwa wanaamua kinyume. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, gavana wa Benki Kuu ya Kenya, ilipendekeza watumishi wa umma wa Kenya waruhusiwe kufanya biashara na kumiliki mali huku wakiendelea na kazi za serikali. Serikali ikakubali. Ndani ya miaka minne tu nchi mbili zenye lugha moja sokoni na reli iliyoendeshwa na shirika moja zilijibu swali moja kwa njia mbili zinazopishana. Sisi tulikuwa tunajisifu kwa hilo, na nadhani tulikuwa na haki ya kujisifu, angalau mwanzoni. Ofisa anayetoa leseni hapaswi kuwa mwombaji wa leseni. Hilo halihitaji ujamaa wala ubepari kulielewa. Mama yeyote anayegawa chakula anajua asijipakulie wa kwanza.

Miiko haikufa ghafla. Ilichakaa. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, miaka ya 1980 ilikuwa ya foleni za sukari, sabuni na vitenge. Mshahara wa mtumishi ulikuwa hauvuki tarehe kumi. Wahadhiri walifuga kuku, maofisa wa wizara walilima nyanya, na neno "mradi" likawa na maana mpya: kile kinacholisha familia wakati ajira inakupa cheo tu. Mtu wa ngazi ya kati aliyefuata miiko kwa uaminifu alilala njaa, na aliyeivunja alipeleka watoto shule. Hoja ya waliotaka kuiondoa ina nguvu hapo, na siidharau. Walisema tunaendelea kudanganyana. Afadhali kuruhusu hadharani kile kinachofanyika gizani. Mzee Mwinyi, aliyeingia Ikulu mwaka 1985, aliitwa Mzee Ruksa kwa sababu alilegeza mengi ambayo yalikuwa yamewabana watu, na watu walishukuru kwa dhati. Bibi mwenyewe alishukuru siku aliponunua sabuni bila foleni.

Februari 1991, miezi michache baada ya Mwalimu kumkabidhi Mzee Mwinyi uenyekiti wa CCM, chama kilichorithi TANU, Halmashauri Kuu ya chama ilikutana Zanzibar. Ikalegeza miiko. Hisa ruksa, ukurugenzi ruksa, mishahara miwili ruksa, nyumba za kupangisha ruksa. Watu wakauita uamuzi huo Azimio la Zanzibar, lakini hilo ni jina la heshima walilolipa wao. Azimio la Arusha lilichapishwa, likasomwa mashuleni, likaimbwa, likachezewa ngoma, na watu walitembea kwa miguu mamia ya kilomita kuliunga mkono. Hili la Zanzibar halikuimbwa na mtu.

Nilikuwa darasa la saba. Mjomba aliyekuwa akifanya kazi kiwandani alileta habari jioni, akaisimulia uani. Babu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Aliuliza, "Wamemuuliza nani?"

Mjomba akasema, "Wamekaa wenyewe, mama. Halmashauri Kuu."

"Wameulizana wenyewe kwa wenyewe?"

"Ndiyo."

Akaendelea kuchambua mchele.

Swali lile halikunitoka, hasa kwa sababu ya kilichotokea mwaka uleule. Wakati miiko inalegezwa kikaoni, Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuzunguka nchi nzima kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Tume ilisikiliza zaidi ya watu 36,000, Bara na Visiwani. Asilimia 77 hivi walitaka chama kimoja kibaki, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Asilimia 21 hivi walitaka vyama vingi. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, Mwalimu naye akaunga mkono, na tarehe 1 Julai 1992 sheria mpya ikaanza.

Watu husimulia kisa hicho kama mfano wa viongozi wenye hekima waliowaona walio wachache. Nakubali, naona waliamua vyema. Ninachotaka tukitazame ni kwamba hata walipoamua kinyume cha wengi, walilazimika kuuliza kwanza, kuhesabu, kuandika, na kueleza kwa nini. Ripoti ilitoka na orodha ya sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Mtu anaweza leo kubishana nao kwa kutumia takwimu zao wenyewe. Mjomba alikwenda tume ilipofika Morogoro. Aliporudi bibi akamuuliza kama wameulizwa habari za nyumba. Akasema hapana, ni vyama tu.

Yaani katika mwaka mmoja, tabaka moja la viongozi lilikuwa na maswali mawili mezani. Swali la nani ashindane nao lilipelekwa kwa wananchi, wilaya kwa wilaya. Swali la nini waruhusiwe kuwa nacho lilimalizwa na wenyewe, ndani ya ukumbi mmoja, na waliopiga kura ndio waliofaidika. Sijaona popote palipo wazi zaidi kuhusu namna mamlaka inavyofikiri. Ushindani waliweza kuukubali, kwa kuwa mshindani akiingia humo ndani atakuta sheria zilezile na viti vilevile. Mfuko haukuzungumzwa.

Tazama pia mpangilio wa miaka. Mwaka 1991 kiongozi anaruhusiwa kuwa na hisa. Mwaka 1992 kunaanzishwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, ambayo yalikuwa karibu 400, na uuzaji unaanza. Kiwanda cha bia kinapata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 1993. Mwaka 1998 soko la hisa Dar es Salaam linafungua milango. Sina haja ya kudai kwamba kulikuwa na njama. Mlango ulifunguliwa kwanza, mali ikatolewa nje baadaye, na waliokuwa karibu na mlango walikuwa karibu.

Nyumba nazo zikafuata. Kuanzia mwaka 2002 serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi na viongozi waliokuwa wakiishi ndani yake, nyingine katika maeneo ghali ya Oysterbay na Masaki. Nyumba ya ofisi ikawa nyumba ya mtu. Aliyekuja kushika ofisi baada yake akahitaji nyumba nyingine, na umma ukalipa tena. Mwaka 2005 Bunge likafuta Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ile iliyokuwa inampa mpangaji mahali pa kulalamika kodi ikipandishwa ovyo. Mimi ni mpangaji, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na nne huu. Kila baada ya miezi sita natafuta kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba akiamka na bei mpya mimi natafuta gari la kuhamisha vyombo. Katika Bunge la mwaka 1970, mbunge mwenye nyumba ya kupangisha alikuwa anavunja miiko. Katika Bunge la 2005 mbunge mwenye nyumba kumi za kupangisha alipigia kura sheria ya wapangaji kama mbunge mwingine yeyote. Sidai kujua moyo wa mtu. Najua tu kwamba mwaka 1967 kulikuwa na mtu aliyeliona jambo hili likija, akaliwekea uzio, na uzio ukang'olewa na waliokuwa upande wa ndani.

Tulipewa kitu badala yake, lazima niseme. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake kila mwaka kwa Sekretarieti ya Maadili. Zamani alikuwa anaambiwa asiwe nacho. Sasa anaambiwa aandike anacho. Fomu hujazwa, hufungwa, huwekwa. Mwananchi wa kawaida hawezi kuingia tu na kusoma mbunge wake ana nini. Kuna masharti ya kupata ruhusa na masharti ya nini ufanye na ulichokisoma. Tunaarifiwa idadi ya waliorudisha fomu, kana kwamba hilo ndilo tulilokuwa tunalitaka.

Mwaka 2008 ilipojulikana kwamba waziri mmoja alikuwa na zaidi ya dola milioni moja katika akaunti kisiwani Jersey, yeye aliziita vijisenti. Alijiuzulu uwaziri, na neno likabaki kwetu. Watoto wa leo wanalitumia bila kujua lilikotoka. Wengi walilikasirikia kwa sababu lilisikika kama dharau. Mimi liliniumiza kwa sababu nyingine. Niliamini kwamba alikuwa anasema kweli, kwamba kwa mtu wa pale alipo ni vijisenti kweli, na kwamba umbali huo kati ya senti zake na senti zetu ndio unaokaa naye mezani anapoamua barabara ipite wapi na kivuko kilipiwe shilingi ngapi. Mtu huamua kutoka pale alipoketi. Miiko ya 1967, pamoja na ubaya wote iliyomfanyia bibi yangu, ilikuwa jaribio la kumketisha kiongozi karibu na watu anaowaamulia. Na lilikuwa jaribio la viongozi kujinyima, jambo ambalo sijaliona likirudiwa.

Mwalimu alisema katika mahojiano ya uzeeni kwamba bado anatembea na Azimio, analisoma mara kwa mara akitafuta cha kubadilisha, na kwamba labda angerekebisha Kiswahili chake tu. Ningekuwa na nafasi ningemwomba arekebishe ile sentensi ya mtu na mkewe. Ningemwomba pia atafute namna ya kufunga miiko ile mahali ambapo kikao kimoja cha wahusika hakiwezi kuifungua, labda ndani ya Katiba, labda kwa kura ya wananchi wote. Aliiacha mikononi mwa chama kwa sababu aliamini chama. Walioamua Zanzibar walikuwa chama.

Na suala halijafungwa. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2013, tume iliyozunguka na kuuliza kama ile ya Nyalali, ilirudisha habari za maadili na miiko ya viongozi ndani ya Katiba yenyewe. Watu walipoulizwa, walikumbuka. Rasimu ikaingia Bunge Maalumu mwaka 2014, ambako wabunge wote wa kawaida walikuwa wajumbe, ikatoka na sura nyingine, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Mchakato wa Katiba ukirudi, kama wengi wetu tunavyodai, nitakwenda na ukurasa huo mmoja tu. Mengine wenzangu watayasemea.

Bibi alifariki mwaka 2003. Katika sanduku lake la bati tulikuta kanga mpya mbili, picha ya babu akiwa amevaa shati la kijani la chama, na daftari la kodi la nyumba ya Mwembesongo. Yeye hakujua kuandika. Mwandiko ni wa mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano, na kila jina limepigiwa mstari kwa rula. Chumba cha kwanza hadi cha sita, mwezi kwa mwezi, aliyelipa na aliyebakiza. Ukurasa wa mwisho ni wa mwezi ambao nyumba ilikabidhiwa, katikati ya mwezi. Wapangaji wote walikuwa wamekwisha kulipa. Pembeni ya kila jina mama ameandika, kwa maneno aliyotajiwa, kwamba amerudishiwa nusu.